Ngazi za Kwenda kwa Ikirezi

Jumamosi ya mwisho ya mwezi maduka ya Gisozi yalikuwa yamefungwa kama kawaida, na misumeno ya karakana za Agakiriro imenyamaza. Watu wa mudugudu ule, yaani mtaa, walikusanyika kwenye kona ya barabara ya mawe, majembe begani, na mkuu wao Habiyaremye akatangaza kazi za umuganda, ile siku ya kila mwezi ya wote kufanya kazi za mtaa. Kwanza, mtaro ulioziba. Pili, nyasi za kando ya barabara. Tatu, nyumba ya Mukandayisenga ilikuwa imepanda tena mlima, kwa hiyo ngazi zilizochimbwa mwezi uliopita hazikufika mlangoni.

"Imepanda sana?" mtu aliuliza.

"Si haba. Lakini udongo wa kule ni mlaini, hauna mawe."

Wakagawana kazi. Jovia akapangiwa ngazi.

Nyumba ile ilianza kupanda siku matokeo ya darasa yalipotoka. Ikirezi, binti wa Mukandayisenga, alikuwa amekuwa wa kwanza kwenye shule ya pale mtaani. Mchana huohuo nyumba yao ya vyumba viwili iling'oka pale ilipokaa, chini kabisa karibu na bonde, ikapanda mlima kama mbuzi anayefuata majani. Mukandayisenga alikuwa ndani akishona sketi ya mteja. Alisema baadaye kwamba hata uzi wa cherehani haukukatika.

Nyumba kupanda si jambo lililomsumbua Jovia. Kilichomuuma ni kwamba ilipita upande wa dirisha lake, taratibu, Ikirezi akiwa amekaa mlangoni anachambua maharage.

Jovia naye alikuwa wa kumi na tisa katika darasa la watu arobaini. Baba yake Munyakazi, fundi wa makabati aliyekulia Karagwe, alikuwa amehangaika mpaka akampatia nafasi katika shule ya bweni inayochagua watoto hodari wa nchi nzima. "Ukitaka kujua mbio, kimbia na wenye mbio," alimwambia siku aliyompeleka. Jovia akakimbia nao miaka mitatu, nao wakampita.

Mtihani mmoja tu waliufanya wote wawili, yeye na Ikirezi: ule wa wilaya, karatasi ileile, saa ileile. Jovia alimshinda kwa alama kumi na moja. Lakini kitivo cha udaktari cha chuo kikuu cha serikali hakikuuliza alama hizo. Kiliuliza nafasi ya darasani. Jovia alipiga simu kuhakikisha.

"Wa ngapi?" sauti ya kike iliuliza.

"Wa kumi na tisa. Lakini shule yetu—"

"Shule zote ni shule, dada. Kwa kumi na tisa matumaini yako ni madogo."

"Madogo kiasi gani?"

Yule mama alilipima swali kama mtu anayepima nyanya kwa mkono.

"Omba na kwingine," akasema.

Basi Jovia alichimba. Alichimba kwa nguvu hata Habumugisha, mchomeleaji wa jirani, akasimamisha jembe lake kumtazama.

"Yewe Jovia, hizo ni ngazi au kaburi?"

"Wewe kachomelee mageti yako."

"Ariko huyu mtoto ana mdomo, sha!" Habumugisha akacheka, akaendelea kulima.

Kazi ilipokwisha watu waliteremka kwenye mkutano wa mtaa. Jovia alibaki. Alizunguka nyuma ya nyumba ya Mukandayisenga, akaanza kufukua chini ya kona ya upande wa bonde. Alitaka iporomoke. Alitaka kuiona ikishuka mbele ya dirisha lake na yeye akiwa amekaa mlangoni kwao, anachambua chochote. Shimo lilipofika magotini, nyumba iliinua kona ile, kama mwanamke anavyokusanya kitenge avuke tope, ikamngoja amalize. Kisha ikakaa pembeni ya shimo.

Mukandayisenga alichungulia dirishani.

"Asante, mwanangu," alisema. "Nilikuwa sina pa kutupa taka."

Majibu ya chuo yalitoka kwenye simu. Ikirezi alichukuliwa. Jovia hakuchukuliwa. Munyakazi alirudi kwenye kazi yake. Alishinda anapiga msasa mlango ambao ulikuwa laini tangu juzi. Muhula uliofuata alimtoa Pretty, mdogo wake Jovia, kwenye shule nzuri aliyokuwa akisoma, akampeleka ile ya mtaani.

"Huko atakuwa wa kwanza," alisema.

Vikombe viligongana kabatini, sakafu ikatetemeka, kisha nyumba yao ikatulia palepale. Pengine ilikuwa inafikiri. Wazazi wengine nao waliwahamishia watoto wao hapo, mpaka shule ikaishiwa madawati. Munyakazi ndiye aliyepewa kazi ya kuyatengeneza mengine. Jovia alikuwa akiyapaka vanishi.

Jumapili moja Ikirezi alishuka zile ngazi, amevaa koti jeupe lenye jina lake kifuani, akamkuta Jovia uani.

"Jovia we, nisaidie. Hesabu za dawa zinanishinda. Kule naogopa kuuliza, watasema huyu alikuwa wa kwanza wa wapi."

"Wa hapa," Jovia alisema.

"Usinicheke, sha."

Akamwonyesha swali. Mtoto wa kilo kumi, anahitaji miligramu kumi na tano kwa kila kilo. Dawa ya maji ina miligramu mia na ishirini katika kila mililita tano. Ampe kiasi gani? Ikirezi alikuwa ameandika mililita sitini na mbili na nusu. Kesho yake alitakiwa kuliwasilisha.

Jovia aliliangalia jibu, akaliangalia koti. Lilikuwa limepigwa pasi vizuri, na mabega yalimkaa Ikirezi kana kwamba yamepimwa kwake. Neno moja lingetosha. Sawa. Angesema sawa, Ikirezi angepanda zake akishukuru, na nyumba ingejua la kufanya.

Alikaa na neno lile mdomoni mpaka likawa chungu.

"Utamuua mtoto wa watu," alisema. "Chupa nzima unamnywesha? Lete kalamu."

Alimwonyesha mahali nukta ilipopaswa kukaa: sita nukta mbili tano. Alimweleza kwa nini, mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole, mpaka Ikirezi akapiga paja lake na kusema, "Kumbe!"

Huko juu mabati yalilia na udongo kidogo ukaporomoka. Jovia aliijua sauti ile ya nyumba ya kina Ikirezi kupanda. Hakuinua macho.

"Sasa fanya hili la pili," alisema. "Na usiniangalie mimi. Angalia kilo."