Hewa ya Chumba cha Mama Mkwe

Injini yenyewe haikuzidi yai la kuku, lakini maneno yaliyosemwa juu yake yangejaza lori na tela lake. Ilikaa ndani ya kigari chekundu kinachoendeshwa kwa rimoti, kilichokunywa mafuta yake ya pekee yenye harufu ya rangi ya kucha, na kilipowaka kilitoa moshi wa buluu na kelele ya nyigu aliyefungiwa kwenye kopo. Mwenyewe alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, kazi yake kusoma mita za maji mitaani. Wenzake wa chama cha vigari walimwita Injinia, na siku hizi hata mkewe akimwita kwa jina lake hakuitika mpaka mara ya pili.

Mama yake mkewe alikuwa mjane. Alikaa nao tangu mumewe atangulie mbele ya haki, katika chumba kidogo cha nyuma chenye dirisha moja, kitanda, na cherehani ya marehemu. Chama kizima kilimwita Mama Mkwe, pamoja na wale waliomzidi umri.

Kila Jumamosi chama kilikutana kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya maghala. Asubuhi nzima ilipita wanaume wameinama juu ya vigari kama madaktari juu ya mgonjwa, kila mmoja na bisibisi yake. Shughuli yote ilikuwa skrubu moja ndogo kwenye kabureta. Ukiifungua, injini inashiba mafuta na kukohoa moshi. Ukiifunga, inabaki na njaa, inakwenda mbio lakini inaungua. Basi mmoja aligeuza robo kulia, wa pili akaja akageuza robo kushoto, wa tatu akarudisha pale pale ilipokuwa, akapigiwa makofi.

Aliyesikilizwa kuliko wote alikuwa Bwana Joto. Huyu alikuwa na kipimajoto cha kulenga kama bastola, na alikilenga kila kitu: injini, kikombe cha chai, kiti cha baiskeli, mpaka paji la uso la Mwenyekiti, ambaye alikuwa muuza magodoro na alikubali kupimwa kwa heshima ya cheo chake.

Jioni, Injinia alirudi nyumbani na kigari kwapani, akakisukuma chini ya sinki la jikoni, tangi lina mafuta, matairi yana tope, akaenda kuoga na kusimulia ushindi huko huko bafuni kwa sauti kubwa.

Mama Mkwe alivumilia Jumamosi mbili. Ya tatu ikamshinda. Alikuwa mtu ambaye hawezi kusali nyumba ina sufuria chafu, na kile kigari kilikuwa uchafu uliozidi sufuria kumi. Marehemu mumewe, fundi wa cherehani, alikuwa na neno lake: "Mke wangu, chombo hakifi kazini. Hufa kimelala." Akakichukua kigari akakipeleka chumbani kwake kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya boksi lililokuja na kigari kulikuwa na kijitabu cha maelekezo, bado kimevaa nailoni yake kama kilivyotoka dukani. Mama Mkwe alikuwa na darasa la saba tu, lakini darasa la saba la kusoma mpaka ukurasa wa mwisho. Na ukurasa wa mwisho ulikuwa na picha: mkono, kikopo cha mafuta laini, na matone matano.

Akamwaga mafuta yaliyobaki tangini. Akaosha sifongo la chujio la hewa, maji yakatoka kama chai ya rangi. Akafungua plagi, akatia matone matano kwa kikopo kile kile cha marehemu chenye mdomo mrefu, akavuta kamba ya kuwashia polepole mara tatu mafuta yaenee. Akarudisha kigari chini ya sinki. Akasali, akalala.

Jumamosi iliyofuata injini iliwaka kwa mvuto mmoja.

"Mmeona?" Injinia akawauliza wenzake. "Nilisema ni robo ya robo. Robo tupu inatosha kwa watu wa kawaida."

Miezi mitano mama wa watu aliilaza injini ile kila Jumamosi jioni, na kila Jumamosi asubuhi mkwewe alivuna sifa. Wanaume wakaanza kumfuata kuuliza robo ya robo inageuzwaje. Naye akawaeleza, huku akifumba jicho moja.

Haikumuuma Mama Mkwe. Sifa hazipikwi, alijiambia, na kazi aliifanya mbele ya Mungu, si mbele ya Bwana Joto.

Ikamuuma siku Mwenyekiti alipokuja nyumbani na futi ya kupimia. Akaingia chumba cha nyuma bila kubisha, akapima ukuta.

"Meza ya ufundi hapa, rafu pale. Kitanda kinatoka," akasema. "Shikamoo, Mama Mkwe."

"Marahaba. Kitanda kinatoka kinakwenda wapi?"

Binti yake, mke wa Injinia, akatazama sakafu. Injinia ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. "Mama, mwaka huu chama kimeamua: bingwa wa fainali, kwake ndiko makao makuu ya chama. Karakana, ubao, kila kitu. Na bingwa si mwingine. Sasa nyumba yetu unaijua, chumba cha ziada ni hiki tu. Wewe utakwenda kupumzika kwa shemeji."

Shemeji ni mwana mkubwa wa Mama Mkwe. Alikaa ghorofa ya tano, jengo halina lifti. Mara ya mwisho alipomtembelea, Mama Mkwe alishuka ngazi zile kinyumenyume ameshika ukuta, na magoti yake yakamlaumu kwa wiki nzima.

Kumbe miezi yote ile alikuwa akijichimbia kaburi, tone kwa tone.

Angeweza kunyamaza na kuiachia kutu kazi. Lakini ukimya wa namna hiyo aliuona una mkia wa shetani. Jumamosi jioni, wiki mbili kabla ya fainali, Injinia, Bwana Joto na Mwenyekiti wakiwa sebuleni, akasimama mlangoni, akasema wazi:

"Baba, ile injini mimi ndiye ninayeilaza. Kila Jumamosi naimwaga, naisafisha, naitia mafuta. Bila hivyo ingeshakufa. Mnanitoa chumbani, sawa, nyumba ni yako. Lakini leo sitaigusa, na Jumamosi ijayo pia sitaigusa. Uifanye mwenyewe."

Bwana Joto akainua kipimajoto, akamlenga kwenye paji la uso.

"Thelathini na sita na nusu," akatangaza. "Homa hana."

Wakacheka mpaka Mwenyekiti akafuta machozi kwa tai. Injinia alijitahidi kuwa mpole. "Mama yangu, Mungu akubariki. Ile ni injini, haipakwi mafuta kama mtoto mchanga aliyeogeshwa."

"Kijitabu kimesema. Ukurasa wa mwisho."

"Vijitabu wanaandika wauzaji," akasema Bwana Joto.

Mvua ikanyesha wiki zile mbili, chama hakikukutana, na jikoni kukawa na unyevu mpaka chumvi ikashikamana. Kigari kililala chini ya sinki na mafuta yake tumboni. Kila alipoosha vyombo, Mama Mkwe alikiona, na vidole vikamwasha. Mara mbili alikumbusha: "Baba, umeyamwaga yale mafuta?" Mara mbili akajibiwa, "Mama, pumzika." Alilikumbuka lile la asiyesikia la mkuu, lakini hakulisema, maana guu lililokuwa karibu kuvunjika ni la mkuu mwenyewe, kwenye ngazi za ghorofa ya tano.

Siku ya fainali alikwenda uwanjani, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na binti yake. Injinia akainua mkono kusalimia umati wa watu kumi na saba, akavuta kamba. Haikuja. Akavuta kwa mikono miwili. Kigari chote kikainuka kama samaki kwenye ndoana, injini haikugeuka hata unywele.

"Robo!" akapiga kelele mmoja.

"Robo ya robo!" akasahihisha mwingine.

Wakaizingira na bisibisi sita. Mwishowe ikalegea, ikalia, lakini mlio wake ulikuwa wa kusaga mchanga. Mama Mkwe akafumba macho. Ilizunguka uwanja mara moja bila moshi. Bwana Joto aliikimbilia kwa kipimajoto, akisoma namba kama mnadi. Kwenye kona ya tatu ikapiga yowe, ikanyamaza, kigari kikabingirika na kulala chali, matairi yakiangalia mbinguni.

Ubingwa ukaenda kwa Mwenyekiti muuza magodoro, ambaye injini yake ilikuwa ya polepole na haikuguswa tena na mtu, kwa kuwa bisibisi aliipoteza mwezi wa pili.

Jioni kikao kikafanyika sebuleni kwa Injinia. Injini ilifunguliwa juu ya gazeti. Beringi zilikuwa nyekundu kwa kutu.

"Miezi mitano mizima, halafu wiki mbili imekufa," akasema Injinia. "Nini kilibadilika?"

"Nilikwambia," akasema Mama Mkwe. "Jumamosi zote nilikuwa naichukua chumbani kwangu, naitia..."

"Ngoja!" Bwana Joto akasimama. "Chumbani?"

Wakakimbilia chumba cha nyuma wote watatu. Bwana Joto akapima ukuta, dari, mto. Akaenda jikoni akapima chini ya sinki. Akarudi na uso wa mtu aliyeteremshiwa siri.

"Jikoni thelathini na moja. Chumbani ishirini na nne. Jamani, ni hewa! Injini ilikuwa inapumzika kwenye hewa sahihi!"

"Ni mafuta," akasema Mama Mkwe. Akawaonyesha kikopo. Akawaonyesha ukurasa wa mwisho.

"Naam, naam, Mama," akasema Mwenyekiti, akiukwepa mkono wake ili aguse ukuta kwa vidole viwili. "Basi makao makuu yatakuwa kwangu, na chumba hiki kisiguswe. Hakuna msumari, hakuna rafu."

"Na kitanda?" akauliza binti.

Bwana Joto akakilenga kitanda, kisha akamlenga Mama Mkwe. "Kitanda kibaki. Naye mwenyewe abaki. Pumzi yake imo katika kipimo."

Mama Mkwe akafungua kinywa aseme kweli kwa mara ya nne. Akamtazama binti yake, aliyekuwa anang'ata ncha ya khanga ili asicheke. Akakifunga. Kweli alishaisema, mashahidi watatu walikuwapo. Zaidi ya hapo si kazi yake, ni ya Mwenyezi Mungu.

Mwezi uliofuata injini mpya ikaletwa chumbani kwake, imebebwa kwa mikono miwili. Aliiweka dirishani, akafungua plagi, akahesabu matone matano. Injinia alikuwa amesimama mlangoni, viatu amevua.

"Mama, hayo mafuta ya nini?"

"Ya injini, baba."

Injinia akaivuta hewa ya chumba kwa pua.

"Haya, tia tu," akasema. "Ila dirisha usilifungue sana."