Trela ya Kilo Mia Tatu

Siku ya soko Bungoma, kabla jua halijakolea, Wakoli alikuwa amepiga magoti katika yadi ya Yakub nyuma ya msikiti, akisugua kwa kidole kibati kilichobanduka rangi kwenye shingo ya trela ndogo. Trela yenyewe ilikuwa ya kulala. Ilikuwa na kitanda cha watu wawili wasiogombana, jiko la gesi, tangi la maji na dirisha lenye pazia la maua.

"Usisome hiyo namba kubwa peke yake, mzee," Yakub alimwambia. "Hiyo ni uzito wa mwisho, na kila kitu ndani. Toa uzito wake ikiwa tupu. Kinachobaki ndiyo chako."

"Kinabaki ngapi?"

"Kilo mia tatu. Sasa weka godoro. Weka mtungi wa gesi. Weka maji, na maji ndiyo hudanganya watu, lita moja ni kilo moja. Halafu weka nguo za mama, maana mama hawezi kwenda matanga na leso moja."

Wakoli akacheka. Matanga ndiyo yaliyomleta. Watu wa mkewe, Phelista, wako upande wa Bungoma, na wanakufa bila kupumzika. Nyonga ya Phelista ilikuwa imeharibika, na kukesha kwenye kiti cha plastiki kulimrudisha nyumbani akibebwa kama gunia. Alikosa mazishi ya dada yake kwa ajili hiyo. Alibakiwa na kaka mmoja tu, naye alikuwa mgonjwa. "Huyo sitamkosa," alikuwa amesema.

Wakoli akainunua trela, akaivuta kwa pikapu yake hadi shambani Saboti. Alipoipakia aliipitisha kwenye mizani ya mahindi mjini Kitale. Godoro, maji, gesi na nguo za mama vyote vilikaa chini ya namba ya kibati. Akaridhika.

Kaka alifariki mvua zilipokuwa zikipungua. Wakatoka Saboti asubuhi, na walipokaribia Kamukuywa pikapu ikaanza kukohoa. Trela ilikuwa imekalia matairi. Wakoli alishuka akafungua mlango.

Ndani mlikuwa na udongo. Ulikuwa mwekundu, mbichi, wa kulimwa leo, umejaa kitandani na juu ya jiko, na visiki vya mahindi ya mwaka jana vikichomoza. Kwenye pembe palikuwa na mafiga matatu yenye masizi.

Wakoli aliujua udongo huo kama mtu anavyolijua koti la jirani. Kila msimu wa kulima, baba yake Wekoye alikuwa akimwambia dereva wa trakta avuke mpaka kidogo, upana wa jembe moja, kisha anang'oa mkonge wa mpaka na kuupanda upya ng'ambo. Wekoye alipokufa, Wakoli aliendelea. Hakumega sana. Upana wa jembe moja tu. Mwenye shamba hilo la ng'ambo, mjane aliyeitwa Nakhungu, alipiga kelele. Wazee wa mpaka wakaja, wakala kuku kwa Wakoli, wakatoka wakasema mkonge uko pale ulipo. Na kweli ulikuwa pale ulipo. Jembe lilipofika kwenye jiko la Nakhungu, alifunga virago akaenda kwa kaka yake Sirisia. Watu wa Saboti walisema alihama. Ndivyo walivyosema, na mpaka leo ndivyo wanavyosema, kama vile mama yule alipata kazi mjini.

Polisi wa barabarani akawafikia, akachungulia.

"Mzee, umezidisha."

"Naona, afande."

"Huu ni wa mahindi ama wa maharagwe?"

"Wa mahindi."

"Ni mzuri. Lakini umezidisha."

Wakaumwaga kando ya barabara kwa sufuria. Kabla ya kufika Kimilili ulikuwa umerudi wote, na mafiga juu yake.

"Baba Viola," Phelista akamwambia mumewe, akitazama mbele, "huo udongo unajua kwao."

"Najua."

"Basi upeleke."

Pale Chwele wakakata kuelekea Sirisia. Nakhungu alikuwa amekaa mlangoni akipukuchua maharagwe. Alimuuliza Phelista habari za nyonga, akampa pole ya msiba, kisha akaja akatia kichwa ndani ya trela.

"Aa, mafiga yangu," akasema. Akayagusa. "Bado ya moto."

"Nimekuletea, mama," Wakoli akasema.

"Umeniletea nini?"

"Udongo wako."

"Wakoli mwana wa Wekoye, si udongo niko nao hapa, wa kaka yangu? Mimi nilikuwa na shamba. Shamba haibebwi na trela, bana. Rudisha mkonge."

Wakoli aliangalia viatu vyake. "Tutaongea baada ya matanga."

"Ata baba yako alisema tutaongea."

Akawapa chai kwa sababu walikuwa wageni. Aliitia sukari nyingi, na Wakoli aliinywa yote.

Kilichobaki kilikuwa hesabu. Udongo haukutoka, basi vingine vitoke. Wakoli alishusha mtungi wa gesi, akamwaga maji, akalitoa godoro na begi la Phelista, akaviacha kwa Nakhungu. "Tutapitia tukirudi," akasema. Springi zikainuka kidogo.

Hivyo Phelista alimkesha kaka yake kwenye kiti cha plastiki, leso moja mabegani. Nyuma yake udongo ulilala ndani ya trela, pazia la maua limefungwa. Wakoli alikaa kando yake akimsikia akiguna kila alipojaribu kugeuka. Akaapa moyoni kwamba mkonge utarudi. Alimaanisha.

Alipofika Saboti alichukua jembe akaenda mpakani. Mahindi upande ule yalikuwa yamemfika magotini, ya kijani iliyokolea, mazuri kuliko ya kwake ya zamani. Akasema, acha haya yavunwe kwanza. Yakavunwa.

Baada ya mavuno alirudi kwa Yakub.

"Nataka kubwa. Ya ekseli mbili."

"Ni mzigo gani, mzee?"

"Godoro, maji, gesi, nguo za mama. Na udongo."

Yakub akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia ni mchele tu. "Na huo udongo ni wa kukaa hivyo, ama utaongezeka?"

Wakoli aliinama kusoma kibati cha trela iliyokuwa karibu.

"Unipe yenye nafasi," akasema.

Mvua za Machi zilipokaribia, trakta ikaja. Dereva alisimamisha injini karibu na mkonge, akauliza aanzie wapi. Wakoli alisimama akiutazama mkonge, kama alivyosimama kila mwaka saa ile ile, mpaka dereva akauliza tena. Nyumbani Phelista alikuwa amelitoa godoro kwenye trela mpya, akalianika juani, na hakulirudisha.

Wakoli akanyoosha kidole ng'ambo ya mkonge.

Jembe likaingia. Uani, trela ikashuka kidogo kwenye springi zake, ikatulia. Ilikuwa bado chini ya namba ya kibati.