Sanduku la Mfamasia

Mfamasia hakuwa mtu wa maneno mengi. Alilishika sanduku la plastiki la kuwekea dawa, ambalo karakana ilimtengenezea, akalitazama kwenye mwanga, kisha akaliachia. Likapasuka vipande vitatu sakafuni. Akasema atarudi Jumamosi, na akikuta mambo ni yale yale, ataagiza kwingine.

Plastiki chakavu ya kutengenezea masanduku ilichambuliwa na dada ambaye karakana nzima ilimwita Jicho. Mashine iliyoiyeyusha na kuifinyanga ilikuwa ya marehemu baba yake. Kaka yake, aliyeiendesha, alishaandika INAUZWA ubavuni mwake kwa chaki, maana alikuwa amechoka kutukanwa na wateja. Kwa wiki mbili masanduku yalitoka na ukungu kama maji ya kuoshea mchele, na kila mara Jicho alimlaumu yeye: mara moto umezidi, mara umepungua. Kazi yake mwenyewe hakuitilia shaka hata siku moja. Jina lile hakupewa bure. Kipande akikitupia jicho tu, keshajua kiende kiroba gani.

Safari hii hakukimbilia ufagio. Aliinama akaokota kipande, akaona ukingo wake unabanduka tabaka tabaka, kama kitunguu. Akaubandua kwa ukucha. Tabaka moja lilikunjika kwa ulaini; jingine lilikatika kwa mlio mkavu. Hizi zilikuwa plastiki mbili, zimeyeyushwa pamoja na zimekataa kushikana.

Alikwenda kwenye kiroba alichokiita safi, akachota konzi ya chenga za plastiki iliyosagwa, akazimwaga kwenye ndoo ya maji. Nyingi zikaelea. Nyingine zikazama hadi chini, bila haya. Zilizoelea zilitoka kwenye makopo ya chakula; zilizozama ni za vile vikombe vinavyolia ukivibonyeza. Kila aina peke yake ilikuwa angavu. Zikichanganywa, mwanga ulipotea katikati yao, na nguvu nayo ikapotea hapo hapo. Jicho la mtu lisingeweza kuzitofautisha, na yeye miaka yote alitumia jicho tu.

Angeweza kunyamaza. Kaka angeuza mashine na kuzeeka akiamini kosa lilikuwa lake. Jicho akaenda kusimama mbele yake, mikono ikichuruzika maji.

"Kaka, si moto wako. Ni mimi. Nimechanganya vikombe na makopo wiki mbili nzima, lawama nikakubebesha wewe. Nisamehe."

Hasira ilimpanda kaka usoni, ikakaa, ikashuka. Akauliza viroba ni vingapi. Akajibiwa kumi na sita, na siku yenyewe ni Alhamisi.

"Basi kuanzia leo tutakuita Ndoo," akasema, akakunja mikono ya shati.

Walizamisha, wakaopoa, wakaanika chenga juani hadi ngozi ya vidole ikajikunja. Mgongo ulimuuma Jicho vibaya, lakini hakukubali kiroba hata kimoja kipite bila kuguswa na maji.

Jumamosi mfamasia aliliangusha sanduku jipya. Likadunda. Akapanda juu ya stuli, akaliangusha tena, likadunda tena. Kisha akaweka karatasi ya dawa nyuma yake, akasoma herufi ndogo kupitia plastiki, bila kukosea neno, na kuuliza mengine yatakuwa tayari lini.

Jicho aligeuka amtafute kaka ndiye ajibu. Alikuwa amechutama ubavuni mwa mashine na kitambaa kilicholowa, anafuta chaki.