Atakayeleta Kingine Ataosha Vikombe

Kila Alhamisi alasiri Bu Ning, yaani Mama Ning, alichemsha maji, akakaanga muhogo, akatoa vikombe viwili. Kimoja chake. Cha pili cha mtu ambaye hakuwepo, na Bu Ning alijua vizuri kwamba hayupo. Hakuwa amechanganyikiwa. Ni vile tu birika lilikuwa kubwa mno kwa kikombe kimoja.

Zamani vilikuwa vikombe vitano. Walikuwa watu watano wa mtaa mmoja hapa mjini Malang, wote wapenzi wa keroncong, muziki wa magitaa madogo yanayodonoadonoa kama kuku juani, huku filimbi na fidla zikitembea taratibu juu yake. Walikutana kwake kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na redio ya maana na kanda nyingi. Kanuni ilikuwa moja: keroncong, basi. Atakayeleta kingine ataosha vikombe.

Aliyeviosha karibu kila wiki alikuwa Koh Bing, fundi cherehani Mchina wa kona ya pili. Huyo alipenda kila kitu. Leo analeta nyimbo za Kichina, kesho kasida za akina mama, na zaidi ya vyote dangdut, ule wa ngoma mbili zinazojibizana na kukupiga tumboni. Walikuwa wakimwacha apige kidogo ili wamcheke, kisha Pak Darsono, aliyejifanya mwenyekiti, anabonyeza kitufe cha kuzima. Alhamisi moja Bu Ning akasema, "Koh, huu ni muziki wa madereva wa malori. Hata chai imekataa kupoa." Wote wakacheka. Koh Bing naye alicheka. Akaosha vikombe, akavipanga midomo ikiangalia chini, akaaga. Hakurudi tena.

Basi miaka ikafanya kazi yake. Wawili wakafa. Pak Darsono akachukuliwa na mwanawe kwenda kisiwa cha Kalimantan. Bu Ning, mjane aliyestaafu kazi ya posta, akabaki na redio, kabati la kanda na viti vinne vitupu. Alichotaka hakikuwa kikubwa. Alitaka mtu mmoja akae kwenye kiti cha pili mpaka kanda iishe.

"Mama, nyimbo zote hizo ziko kwenye simu," bintiye Wening alimwambia kwa simu kutoka mji wa Balikpapan.

"Simu haikai kwenye kiti," alijibu Bu Ning, na hilo likawa limekwisha.

Siku za Jumapili alikwenda kwenye soko la mitumba la Comboran. Muuzaji wake, Cak Sapari, alikaa pale juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya feni mbovu, pasi za zamani na kanda zilizofungwa mafurushi kwa vipande vya mpira wa baiskeli.

"Bu Ning, nimekuwekea kitu."

"Mara ya mwisho uliniwekea kanda ya kufundisha Kijapani."

"Umejifunza?"

"Nimejifunza kutokukuamini."

Cak Sapari akacheka bila kuinuka. Bu Ning alilizungusha furushi. Katikati kulikuwa na keroncong moja, kava lake la karatasi zima kabisa. Juu na chini yake, takataka: dangdut, nyimbo za kabila la Wabatak, kasida, wavulana wenye nywele ndefu na magitaa kama mashoka.

"Nitolee hii moja."

"Bu, ukinunua samaki unaacha kichwa?"

"Kama kinanuka, naacha."

"Mimi siuzi vipande. Furushi ni furushi." Alikuwa akisema hivyo kila Jumapili, na kila Jumapili Bu Ning alibeba furushi zima. "Zamani hizi za dangdut zote angezoa Koh Bing. Siku hizi hata salamu haitikii. Juzi nimepita dukani kwake, nimemwita weee, kainamia kitambaa chake kama mimi nzi. Nadhani katajirika."

Bu Ning hakucheka. Yeye pia yalimkuta. Mwaka Mpya wa Kichina uliopita alimpelekea sahani ya keki za nanasi. Koh Bing alikuwa amempa mgongo, anapiga pasi. Bu Ning akabisha hodi, akasubiri, akaita jina lake. Yule bwana hakugeuka. Bu Ning akarudi na sahani yake, akazila keki mwenyewe kwa siku kadhaa.

Mtaani kwao watu hawagombani. Mtu akikwazwa hunyamaza. Aliyemkwaza naye hunyamaza. Kumuuliza mwenzako kama amekasirika ni utovu wa adabu kuliko hata kosa lenyewe, na wako ndugu waliozikana bila kuulizana. Kwa hiyo mgongo ule ulikuwa jibu, na Bu Ning alilipokea.

Nyumbani alifanya kazi yake kama kawaida. Alifungua kanda kwa bisibisi, akafuta ukungu mweupe kwa pamba na spiriti, akazungusha utepe kwa penseli ili ukaze. Zilizosafishwa zililala kwenye debe lenye mchele mbichi mpaka unyevu uishe. Kisha, kabla ya kuweka kanda nzuri kwenye redio, aliweka mbovu kwanza. Redio ikiwa na njaa ya kutafuna utepe, itafune usio na thamani. Hizo mbovu aliziita kafara, na zilikuwa zikitoka humo humo kwenye mafurushi ya Cak Sapari. Aliipa kila kafara wimbo mmoja, kisha akaitoa na kuitupa chini ya kitanda.

Siku ile kafara ilikuwa ya dangdut. Bu Ning aliiwasha, akaenda jikoni kukata maharage mabichi. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaingia. Mikono yake ilikuwa na maji, alijiambia, ndiyo maana haendi kuzima. Wa tatu ulipofika, kisu kilikuwa kinakwenda sawasawa na ngoma, na maharage yametoka mafupi mno kwa mchuzi wowote anaoujua. Mwanamke alikuwa akiimba jinsi alivyoachwa, na ngoma chini yake zinacheka, kama jirani anayekufariji huku akikutania. Bu Ning alisimama mlangoni na kisu mkononi. Halafu akapunguza sauti, kana kwamba Pak Darsono angesikia huko Kalimantan.

Ubishi ukaanza kuvunjika hivyo. Alipiga magoti akatoa kafara zote chini ya kitanda. Wabatak, wanaume watatu wanaoimba kama wanamlilia mama mmoja. Kasida, wanawake wenye matari na pumzi ndefu. Hata wale wavulana wa mashoka, ingawa hao aliwapa upande mmoja tu na kichwa kikamuuma. Kabla ya mwezi kwisha rafu ya chini ya kabati ilikuwa imeondolewa vyombo vya sikukuu na kupewa wageni hawa. Jumapili moja alimwambia Cak Sapari aache keroncong, ampe furushi la dangdut peke yake.

"Bu, unaumwa?"

"Funga mdomo, funga furushi."

Lakini furaha isiyo na wa kuambiwa haikai. Alisikia kipande cha filimbi ndani ya dangdut, filimbi ile ile ya keroncong, imevaa nguo nyingine tu, akageuka kusema, "Umesikia hiyo?" Alikuwa akikiambia kiti. Na mtu mmoja tu hapa duniani alistahili kuambiwa neno hilo, yule aliyeosha vikombe kwa ajili ya dangdut.

Alifikiri wiki nzima. Asipokwenda, atabaki na tumaini dogo. Akienda akapewa mgongo tena, hata hilo tumaini litakuwa limekwisha. Alhamisi akavaa batiki nzuri. Akachukua kanda yake bora kuliko zote, keroncong ya zamani ambayo Koh Bing aliwahi kumwomba kuazima akamnyima. Mtu ukienda kumpoza mwenzio hupeleki makapi.

Safari hii hakubisha hodi. Aliingia moja kwa moja, akazunguka meza ya kukatia, akasimama mbele ya uso wa Koh Bing.

Koh Bing alishtuka, mkasi ukaanguka. Alikuwa amezeeka. Kisha uso wake ukafunguka wote.

"Bu Ning! Karibu, karibu. Nilidhani umenisusa."

"Mimi? Nani alimpa mwenzake mgongo?"

Koh Bing alitabasamu, akavuta kiti. "Ndiyo, ndiyo. Mvua nyingi."

Bu Ning alimtazama. Hakuna aliyezungumzia mvua. Aliona haya kuuliza, akaweka kanda kwenye redio ya dukani. Filimbi ikaingia, fidla ikaifuata, laini kama hariri mpya. Koh Bing alikuwa akitikisa kichwa polepole, macho kwenye magurudumu ya kanda. "Nzuri," alisema. "Nzuri sana."

Wimbo ukaisha. Kati ya wimbo na wimbo, kanda ile ina kimya kirefu, na Bu Ning alikuwa anakijua kama anavyoijua ngazi ya nyumba yake. Ndani ya kimya kile Koh Bing aliendelea kutikisa kichwa.

Bu Ning akazima redio. Kichwa kilitikisika mara kadhaa zaidi, kisha Koh Bing aliona magurudumu yamesimama. Akashusha macho.

"Tangu lini?" aliuliza Bu Ning. Halafu akajiona mjinga. Akachukua chaki ya fundi, akaandika juu ya kitambaa cheusi kilichokuwa mezani: *Tangu lini?*

"Usiniharibie suruali ya mteja," alisema Koh Bing, lakini aliisoma. "Fidla ziliondoka kwanza. Nikadhani redio imeharibika, nikanunua nyingine. Kisha filimbi. Kisha sauti za wanawake, na mke wangu alikuwa bado hai, ndiyo ikawa kazi." Alivuta droo. Kati ya vifungo na sindano kulilala kidude cha kuwekea sikioni. "Binti yangu alinunua hiki. Kinapiga mluzi kama birika. Nimekipa likizo."

Bu Ning akaandika: *Nilikuja na keki. Nilikuita.*

Koh Bing alisoma. "Za nanasi?"

Bu Ning akaitikia kwa kichwa.

"Basi hilo ndilo linaniuma," alisema.

Bu Ning akashika chaki tena. Alitaka kuandika lile la madereva wa malori, akaona neno ni refu na suruali ni ya watu. Akaandika: *Unasikia nini sasa?*

Koh Bing akaiwasha redio, akaweka kiganja juu ya spika, akatikisa kichwa kukataa. Halafu akagonga mbao za meza kwa ngumi, du, du, na akagusa kifua chake mwenyewe. "Hicho. Kinachopita kwenye mbao. Keroncong yako, Bu, samahani, kwangu ni magurudumu tu yanazunguka."

Bu Ning alirudi nyumbani na kanda yake bora mfukoni. Njiani majirani walimsalimia na yeye hakuitikia. Bila shaka walidhani amekasirika.

Alhamisi iliyofuata hakuchemsha maji kwake. Aliibeba redio yake mwenyewe, ile yenye spika kubwa, akaifunga kwa kanga kiunoni kama mtoto, maana mkokoteni ungeitikisa. Kwenye kikapu kulikuwa na muhogo, na kanda moja kutoka rafu ya chini. Aliiweka redio juu ya meza ya kukatia, akaichukua mikono ya Koh Bing, akaibandika kwenye mbao za spika, akabonyeza kitufe.

Ngoma zikaingia. Koh Bing hakutikisa kichwa. Alifumba macho tu. Polepole vidole vyake vikaanza kujibu, kidole kwa kidole, na mguu wake ukatafuta kanyagio la cherehani lisilokuwepo chini ya meza ile.

"Muziki wa madereva wa malori," alisema, macho bado yamefumbwa.

Kumbe hakusahau. Filimbi ikaja, ile ile anayoipenda. "Umesikia hiyo?" Bu Ning alisema kwa mazoea. Yeye peke yake ndiye aliyeisikia. Hilo halikuwa na dawa, na hakulitafutia.

Wakanywa chai. Wakala muhogo mpaka ukaisha. Koh Bing akanyoosha mkono kuchukua vikombe, kama zamani, lakini Bu Ning akavinyakua kabla yake.

"Nani kaleta kingine leo?" alimwambia usoni, taratibu, ili aisome midomoni.

Koh Bing akacheka, akarudisha kiganja kwenye spika.

Bomba la dukani lilikuwa nyuma, na maji yake ya baridi. Bu Ning alisugua cha kwanza, akasugua cha pili. Nyuma yake kanda ikafika mwisho, ikanyamaza. Alikaza mabega. Alikisubiri kile kichwa kitikisike ndani ya kimya, na hakutaka kugeuka kukiona.

"Bu Ning," Koh Bing aliita papo hapo. "Imekwisha. Geuza upande wa pili."

Akaviacha vikombe vinachuruzika povu, akaenda kugeuza.