Makali Yalikaa Ndani

Mahmood aliniambia nichukue panchi, nikakataa. Naliweka hilo mbele kabisa ili mtu asije akasema nimelificha.

Mahmood ni mdogo wangu. Ana duka la vifaa hapa Embu mjini, mlango wa tatu kutoka karakana yangu. Mimi naitwa Safiya, fundi wa mabati, kazi niliyoachiwa na marehemu baba. Natengeneza makarai, mabomba ya moshi, na zaidi ya vyote greta za kukwaruzia mihogo na karoti. Nina mdomo, najijua, na mtu akinifundisha kazi mbele ya mteja damu hunipanda.

Mteja siku hiyo alikuwa Mzee Ndwiga, kutoka huko chini Mbeere. Alikuwa na mizinga minane ya magogo, nyegere akamvunjia mitano. Yule mnyama anang'oa kifuniko cha mti kwa kucha, anakula asali na watoto wa nyuki, anaacha gogo tupu. Mzee alitaka vifuniko vitatu vya bati vya kuvisha midomo ya magogo, viwe na matundu madogo ya kupita nyuki.

"Hii mitatu ikienda, basi tena," alisema. "Mbegu yake ni ya babangu. Sijui nyuki wengine."

Kukata duara ni kazi ya mkasi wa bati, hapo hakuna mjadala. Mjadala ulikuwa matundu. Drili ninayo, lakini bati jembamba na drili haviivi chungu kimoja: biti, ile ncha yake, ikishatokeza inalishika bati, inalizungusha, na vidole vyako viko hapo hapo. Ukitaka usalama ulibane katikati ya mbao mbili, na mimi sina subira hiyo. Panchi ya mkono unaibana kama koleo, inang'ata, kiduara cha chuma kinaanguka chini na tundu linabaki safi. Ila ni tundu moja moja, na kiganja kinawaka moto. Halafu kuna msumari wa inchi sita, nyundo, na kigogo cha kulalia bati. Matundu thelathini kabla chai haijapoa.

"Dada, msumari hautoi chuma," Mahmood alisema, ameegemea mlango wangu kama kawaida yake. "Unakisukuma tu upande wa pili. Kinabaki huko kama meno."

"Meno ya greta kama hayo ndiyo yaliyokulisha mpaka ukawa na duka," nikamwambia.

Mzee Ndwiga alicheka. Mahmood akaenda zake. Nikagonga. Nilipomaliza nikakunja ukingo kuelekea nyuma, meno yote yakaingia ndani, uso wa mbele ukabaki laini na wa kupendeza. Mzee alipitisha kiganja juu yake akasema, kweli, huyu ni fundi. Nilivimba kichwa siku nzima.

Zikapita wiki mbili. Jumanne moja nikavuta kitambaa chini ya meza, na bati la majaribio nililogonga siku ile likaja nacho. Likanikata kidole. Si jeraha la kumwambia mtu, lakini nilisimama pale nakitazama kidole. Kama linakata ngozi yangu mimi, yenye sugu za miaka ishirini, bawa la nyuki je? Miaka yote nimegonga bati ili likwaruze, na mkono wangu ulifanya kile ulichozoea. Sikuuliza hata mara moja ni nani atakayepita kwenye lile tundu.

Nilimpigia mzee, simu imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Nikakaa, nikasimama, nikafagia mahali palipofagiwa. Adhuhuri nikasali nikasahau niko rakaa ya ngapi, nikaanza upya, nikasahau tena. Mwanamke mmoja aliyefuata greta yake akaniuliza kama ninaumwa, nikamjibu vibaya, halafu nikamfuata barabarani kumwomba msamaha. Jioni nikaenda dukani kwa Mahmood.

"Nipe panchi," nikasema.

Alinitazama kidole, akaitoa kwenye rafu, akanipa.

Asubuhi nilibeba mabati matatu mapya, yametobolewa kwa panchi mpaka kiganja kikavimba, nikapanda pikipiki kuteremka Mbeere. Njia nzima nilikuwa nampangia mzee maneno, na kila nikifika kona nayabadilisha.

Mkewe, Mukami, alinipokea mlangoni kwa maji ya kunywa. "Yuko mizingani, mama. Lakini nenda naye polepole. Siku hizi hasemezeki."

Nilimkuta amechuchumaa chini ya mzinga wa kwanza. Kabla sijatoa salamu nikawaona. Ardhi ilikuwa inatembea. Nyuki kwa mamia wanatambaa kwenye vumbi, wanapanda jani, wanajaribu kuruka, wanaanguka.

"Umekuja kuona kazi yako," mzee alisema. "Bati halina lawama. Nyegere alikuja wiki jana, akakwaruza akachoka. Majirani wawili wanataka kama hili. Lakini unaona hawa? Hii ni dawa."

"Dawa gani, mzee?"

Akanyoosha kidole kwenye ua wa miti. "Ndugu yangu, Mbae. Mdogo wangu wa tumbo moja. Amepanda muguka, ile miti ya majani ya kutafuna, mpaka mpakani, na kila wiki anaipulizia dawa ya wadudu. Nilimwambia taratibu, akaapa kwamba hajapulizia mwezi mzima. Jumapili nikamwambia mbele ya watu wote waliotoka kanisani. Nikifa, asishike hata sepetu. Asinimwagie mchanga."

Mukami, aliyekuwa amenifuata nyuma, aliangalia pembeni. Kwao, neno kama hilo likitoka kinywani mwa mkubwa halirudi kirahisi, na mwenye kuambiwa hulala nalo.

Sitadanganya. Hapo nilipata njia, na ilikuwa pana. Nyamaza, Safiya. Mwambie umeleta vifuniko bora zaidi, badilisha, nyuki watapona, Mbae atabeba lawama, na majirani wawili watakuja Embu. Niliogopa. Niliona aibu mpaka masikio yakaniuma. Nikainama nikaokota nyuki mmoja, nikamweka kwenye kiganja kilichovimba. Mabawa yake yalikuwa yamechanika vipande virefu, kama ukindu uliopasuliwa.

"Mzee, dawa haichani bawa."

Hakunielewa. Nikamwomba awashe moshi. Akawasha, tukasubiri nyuki watulie, nikaking'oa kifuniko changu na kukigeuza. Kwenye kila jino la bati kulikuwa na vipande vya mabawa vimenasa, vyepesi, vinameta juani.

"Wakiingia wanateleza," nikasema. "Wakitoka wanakutana na makali. Niligonga kwa msumari wakati kulikuwa na kifaa kinachofaa, na niliambiwa. Halafu nikayaficha makali ndani ili lipendeze. Si dawa. Ni mimi."

Aliweka kidole kwenye jino moja, akakibonyeza mpaka damu ikatoka. Nilitaka anitukane. Ningelipokea tusi lolote. Yeye akakaa chini, kwenye vumbi, karibu na nyuki wake.

"Nimemkataza ndugu yangu kunizika," alisema, "kwa sababu ya msumari."

"Niache niivishe mizinga haya mapya sasa hivi, mzee. Waliobaki wataishi."

"Ivishe."

Nikaivisha yote mitatu, nikaumwa mara nne na sikujali. Nilipogeuka alikuwa ameshaanza kwenda kwenye ua, ameshika kile kifuniko kibaya. Akanipungia nimfuate. "Utamwambia wewe," alisema. "Mimi hatanisikiliza."

Tulipitia pengo la ua. Mbae alikuwa ametupa mgongo, shati limelowa, anachimba. Niliposogea ndipo nikaona anachimba nini. Mistari mitatu ya muguka, ile ya mpakani, ilikuwa imelala chini, mizizi juu, majani bado mabichi. Ilikuwa miti minene, ya miaka mingi. Alikuwa ameanza mstari wa nne.

Alisikia hatua za kaka yake na hakugeuka.

"Naitoa mpaka ule mti pale," alisema. "Hakuna dawa itakayofika kwako tena, hata upepo ukivuma vipi. Nikimaliza, uniambie kama sasa naweza kukuzika."

Jembe likapanda, likashuka. Mzee Ndwiga akaninyooshea kile kifuniko. Nikachukua bati mkononi mwake, nikapita mbele ya Mbae, nikaushika mpini wa jembe lilipokuwa likipanda tena. Hakunijua mimi ni nani.

"Acha kuchimba," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyetoboa matundu haya."