Faini ya Treni Pale Pruett

Sheria ya jimbo ilikuwa mpya kabisa: treni ikiziba kivuko cha reli zaidi ya dakika kumi, kampuni inapigwa faini. Siku ilipopitishwa, sisi wa Pruett, mji mdogo wa Oklahoma uliokatwa katikati na reli, tulichoma nyama uwanjani mpaka jioni.

Haikupita wiki, treni ya mizigo ikasimama kivukoni. Mimi naziba pancha jirani na pale, niliona yote. Askari wetu, Lonnie Stidham, alikuwa kando ya behewa akiandika faini huku anatabasamu.

"Leo wamepatikana," akaniambia.

Gari la Tammy Ledbetter likafunga breki nyuma yake. Tammy akashuka na binti yake mdogo, Kaylin, mikononi. Mtoto alikuwa anavuta pumzi kwa shida, midomo imeshaanza kugeuka rangi. Hospitali iko ng'ambo ya reli.

"Lonnie, waambie waisogeze."

"Nimeshawaandikia, Tammy. Rudi garini, nakupeleka kwa njia ya darajani."

"Darajani ni mbali. Hiyo faini itampa mtoto pumzi?"

Hakungoja jibu. Akapanda penye kiungio, katikati ya mabehewa mawili. Lonnie akatupa karatasi, akamkimbilia. Ndipo treni ikashtuka. Vyuma viligongana kutoka kichwani hadi mkiani, kisha magurudumu yakaanza kuzunguka. Lonnie alisimama mikono imenyooka mbele, kama bado anamfuata.

Behewa la mwisho lilipopita, tulimwona Tammy ameketi kwenye kokoto upande wa pili, Kaylin mapajani. Vidole vya mkono wa kushoto wa Tammy havikuwepo. Hakuwa analia.

"Mnatazama nini?" akasema. "Leteni gari."

Mtoto alipona. Miezi kadhaa baadaye Lonnie akaja karakanani kwangu, akamkuta Tammy anangoja tairi lake. Alivua kofia kwanza.

"Jaji ameifuta ile sheria. Anasema mambo ya treni ni ya serikali kuu kule Washington, jimbo halina mamlaka. Faini yangu nayo imekufa."

"Basi Washington ndio watawaadhibu?"

"Washington hawana sheria inayokataza treni kuziba kivuko, Tammy."

Tammy alimkodolea macho, mdomo wazi. Nilizima mashine ya upepo.

"Sema tena," akamwambia, taratibu.

Lonnie akasema tena, akitazama sakafu.