Hataza ya Marehemu Kusakabe

Mkaguzi wa hataza, ile hati inayomlinda mvumbuzi asiibiwe wazo lake, hazoei kufurahi kazini, kwa sababu kazi yetu kubwa ni kukataa. Mtu analeta kitu alichokihangaikia miaka, sisi tunapekua dunia nzima kumtafuta aliyekifikiria kabla yake, na tukimpata tunamwandikia mwenye ombi barua yenye adabu kupita kiasi kumwambia amechelewa. Kwa hiyo asubuhi ile Hatakeda, jirani yangu wa meza, alipoanza kupiga mluzi, chumba kizima tuliinua vichwa.

"Bi Yasuhara," akaniita, "njoo uone kitu kizuri."

"Kizuri kwako au kizuri kwa watu?"

"Njoo kwanza, acha maneno."

Lilikuwa ombi la kampuni ndogo ya Yokosuka, kampuni ya watu watatu tu, mkuu wake mwanamke aitwaye Mizuochi Fumie. Mvumbuzi aliyetajwa alikuwa Kusakabe Teizo, na mbele ya jina lake pameandikwa marehemu. Nilimfahamu Kusakabe kwa kumsikia. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu aliyemfundisha Hatakeda ujanani, kabla Hatakeda hajaiacha maabara akaja kukaa nasi hapa Tokyo kukataa vitu vya watu. Mizuochi naye alipita maabara ile ile, nyuma yake kwa miaka michache.

Nitaeleza kifupi, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini mtu mzima alipiga mluzi. Kusakabe alishughulika na mawimbi ya redio yanayokwenda yakijisokota, kama uzi wa parafujo. Moja linajisokota mara moja, la pili mara mbili, la tatu mara tatu, na yote yanapita njia moja kwa masafa yale yale bila kugombana, kila moja na mzigo wake wa habari. Wengi wameyajaribu. Tabu ni kwamba antena mbili zisipotazamana sawasawa, zikipinda hata kidogo tu kwa upepo, mizigo inachanganyika na upande wa pili unapokea makelele. Kusakabe alitafuta dawa ya jambo hilo mpaka nywele zikaisha kichwani. Na dawa yenyewe, ukishaiona, unajichukia kwa kutoifikiria wewe. Alituma katikati ya yale mengine wimbi moja lisilosokotwa. Antena za kupokea, zilizopangwa duara, zinalisikiliza hilo la katikati, zinajua zimepinda kiasi gani, na zinajisahihisha kwa hesabu bila mtu kuzigusa.

Hatakeda alipekua kila mahali tunapopekua. Alipekua maombi ya Wachina, ya Wakorea, ya Wazungu, akarudia tena ya kwetu. Hakuna aliyekuwa amelifikia.

"Ni jipya," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mzee kaweza."

Kisha akaitazama tarehe ambayo ombi liliwasilishwa, na mluzi ukakatika. Niliona rangi ikimtoka usoni. Akasimama, akaenda kwenye mashine ya vinywaji, akanunua kahawa ya kopo, akasimama nayo mkononi bila kuifungua. Nikamfuata, kwa sababu mimi ni mmbeya na sina haja ya kuficha.

"Nilikuwepo," akaniambia.

"Wapi?"

"Kwenye maagano ya mwalimu."

Kusakabe alifariki wakati wa baridi. Familia ilimzika kimya kimya, kisha wanafunzi wake wakaandaa maagano katika ukumbi wa hoteli karibu na chuo, kama tunavyofanya kwa watu waliofundisha wengi: picha kubwa ya marehemu, ukuta wa maua meupe ya krisanthemumu, na mstari mrefu wa watu. Mwaliko ulisema waje na nguo za kawaida, kwa hiyo, kama ilivyo desturi yetu, wote walikuja na nyeusi.

Siku chache kabla ya hapo Mizuochi alimpigia simu Hatakeda. Mtambo wa mawimbi yale ulikuwa umeanza kufanya kazi wakati mwalimu tayari yuko hospitali hajitambui. Hakuwahi kuuona.

"Kaka, nataka tuuwashe pale ukumbini, mbele ya picha yake," alisema. "Haina shida?"

"Shida gani? Huo ni msiba, si mkutano wa wataalamu. Uwasheni, mzee auone."

Basi, ikawa imekwisha. Asiyelelewa katika maabara za kwetu hawezi kuelewa jinsi ilivyokwisha. Aliyekutangulia akishasema, umeambiwa. Humwulizi mara ya pili, wala huendi kumwuliza mtu mwingine, kwani itakuwa umemdharau. Na huyu aliyemtangulia Mizuochi alikuwa mkaguzi wa hataza. Angemwuliza nani tena?

Wakaweka duara moja la antena karibu na picha na la pili mlangoni. Kwenye mawimbi yote yale wakapakia sauti za mwalimu zilizorekodiwa darasani, na kwenye spika ya mlangoni ikatoka ile iliyokuwa ikijulikana na kila mtu: "Nani kaacha mlango wazi?" Maana upepo wa mlangoni ulikuwa ukitikisa antena zake, na hakuna mwanafunzi ambaye hakuwahi kufokewa kwa maneno hayo, Mizuochi kuliko wote. Watu wakacheka na maua yao mikononi, halafu wakalia. Kijana mmoja akalisukuma duara likapinda, na sauti ya mzee ikaendelea kufoka vile vile, safi, bila mkwaruzo. Mfuniko wa mtambo ulikuwa umetolewa. Kila aliyeweka ua lake alipita, akainama, akachungulia ndani, na Mizuochi akamweleza habari ya wimbi la katikati. Mwisho akasimama mbele, akainama sana, akasema maneno ambayo hata mimi ningeyasema: "Tafadhalini, nendeni na wazo hili la mwalimu nyumbani, mkawasimulie wengine."

Katika mstari ule walikuwemo wahandisi wa kampuni zote kubwa unazozijua. Nao walifundishwa na Kusakabe.

Ombi la hataza likawasilishwa mwezi mmoja baadaye.

Sheria yetu si katili, nataka hilo lijulikane. Kitu kikishajulikana hadharani kabla ya ombi si kipya tena, lakini kama ni mwenyewe aliyekitoa, anasamehewa kwa mwaka mzima. Sharti lake moja tu: aseme siku ile ile anapowasilisha ombi. Asiposema siku hiyo, hata akilia damu, haisaidii. Wakala wake alimwuliza Mizuochi kama ameandika makala, kama ameonyesha kwenye maonyesho, kama amehojiwa na gazeti. Kote huko alijibu hapana, na alisema kweli. Hakuna wakala anayemwuliza mteja wake kama amefiwa.

"Nyamaza," nilimwambia Hatakeda pale pale kwenye mashine. "Hakuna karatasi hata moja. Wewe ndiye karatasi. Jichane."

"Na yule mwalimu wa Akita?"

Majira ya joto yaliyopita Hatakeda alimkatalia mwalimu wa sekondari aliyeonyesha kifaa chake kwenye sikukuu ya shule, mbele ya wazazi na wauza tambi, akasahau kusema. Mtu yule alimlilia kwenye simu hadi sisi wa meza za jirani tukasikia. Hatakeda alimjibu kwamba anasikitika lakini sheria ni moja kwa wote. Wakati ule niliona amesema vizuri.

Mchana tulikula na mkuu wetu, Bwana Orikasa, kwenye kile kiduka cha soba nyuma ya ofisi. Orikasa si mjinga. Alishaona uso wa Hatakeda.

"Bwana Hatakeda," akasema akivuta tambi kwa kelele, "mimi nikila soba masikio yangu huziba. Ombi la Yokosuka linakusumbua kwa sababu ulimjua marehemu, naelewa. Sheria haikuzuii, si ndugu yako. Lakini ukitaka nampa Bi Yasuhara, yeye hakumjua. Nikimaliza bakuli hili nitakuuliza kama una jambo jingine. Ulifikirie vizuri jibu lako."

Mimi ningelipitisha, nasema wazi. Ningeligonga muhuri, nikaenda nyumbani nikalala usingizi mzuri. Nilimkanyaga mguu chini ya meza ili asikosee kuelewa.

Orikasa akanywa mchuzi wote, akaweka bakuli. "Haya. Una jambo jingine?"

"Ninalo," akasema Hatakeda.

Orikasa alifumba macho kidogo. "Una ushahidi gani?"

"Macho yangu."

"Macho hayaambatanishwi kwenye faili."

"Basi nitamwuliza mwenyewe."

Mizuochi alikuja juma lililofuata. Mahojiano huwa na wakaguzi wawili, na wa pili nilikuwa mimi. Aliingia na koti la mvua limelowa, mfupi, mchangamfu, akauacha mlango wazi nyuma yake. Hatakeda akainuka mwenyewe akaufunga.

"Kaka, umezeeka!"

"Na wewe umenenepa. Humu ndani niite Bwana Mkaguzi."

"Bwana Mkaguzi umezeeka." Akacheka, akaniinamia. "Samahani, Bi. Tangu nisikie faili lipo kwake silali kwa furaha. Nilisema moyoni, bahati yetu, limemwangukia kaka."

Alidhani ameitwa kusahihisha maneno mawili matatu. Akatuambia kwamba kuna kampuni kubwa iliyokubali kutengeneza mitambo ile pamoja naye, hataza ikitoka. Isipotoka hawamhitaji, watatengeneza wenyewe bure. Vijana wake wawili alikuwa ameshawaahidi kazi ya kudumu. Na jina la mwalimu lingekaa juu ya kila mtambo. Hilo alilisema mwisho, polepole, na nikajua ndilo lililomleta.

Hatakeda alimwacha amalize. Kisha akasema, "Yale maagano, Mizuochi. Mliuwasha mtambo."

"Tuliuwasha. Si ulikuwepo? Ulilia mpaka nikakupa leso yan..."

Yeye ni mtu wa kampuni, sheria anaijua. Niliiona ikimfikia, taratibu, kutoka machoni kushuka.

"Lakini nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukasema ni msiba."

"Nilisema hivyo."

"Nikieleza leo? Mwaka haujaisha. Ni mimi mwenyewe nilionyesha."

"Ilitakiwa iwe siku ile ile ya ombi."

"Hakuna njia?"

"Hakuna."

Mvua ilikuwa ikipiga dirisha. Akazungusha kikombe cha chai juu ya meza bila kunywa. "Faili lingekwenda kwa mkaguzi mwingine, lingepita?"

Nilimwomba Hatakeda kimoyomoyo adanganye.

"Lingepita," akasema.

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akaweka kalamu chini, akaisukuma mbali. "Nisikilize vizuri. Mimi sina karatasi. Nina macho yangu tu, na macho hayaingii kwenye faili. Nitakuuliza rasmi mara moja kama mtambo ulionyeshwa hadharani kabla ya ombi. Ukisema haukuonyeshwa, sina la kuandika."

Nilishusha pumzi. Alikuwa amempatia njia, mwovu yule, na bila kusema uongo yeye mwenyewe. Nilimkazia Mizuochi macho. Sema hapana, dada. Neno moja tu.

Alikiinamia kikombe chake. Alipoinua uso hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Watu walikuja kutoka Sapporo, kule kaskazini," akasema. "Mama Kusakabe aliisikia sauti ya mumewe. Aliniomba tuirudie, tukairudia. Niseme haikutokea?"

"Hakuna atakayemwuliza Mama Kusakabe," Hatakeda akasema haraka. Alikuwa anasihi sasa. "Fumie. Sema tu."

"Ndiyo siku pekee ambayo mtambo wake ulifanya kazi naye yupo." Akavuta pumzi. "Haya, niulize."

Akamwuliza.

"Ulionyeshwa," akajibu Mizuochi. "Mbele ya watu wote. Na mimi niliwaambia waende na wazo lake nyumbani."

Hatakeda akaichukua kalamu. Nimekaa naye miaka mingi na sijawahi kumwona akiandika vibaya vile. Mizuochi akavaa koti lake lililolowa, akaniinamia mimi, akamwinamia yeye, chini sana, kama anavyoinamiwa mkaguzi na mtu asiyemjua.

"Ahsante kwa muda wako, Bwana Mkaguzi."

Hatakeda akafungua mdomo. Nadhani alitaka kumwambia asimwite hivyo. Mizuochi akatoka, akageuka, akashika kitasa kwa mikono miwili, akaufunga mlango polepole mpaka ukalia tiki.

Nilitaka kumtukana, na nilitaka kumletea chai. Yeye alikuwa akikitazama kile kitasa.

"Laiti angeuacha wazi," akasema.